Siku Uboho Ulipolala

Watoto wote wawili wa Khainza walizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu ambao redioni huitwa selimundu, na kwa miaka mingi kitu alichojifunza kukiogopa kilikuwa kilio. Shakira, binti wa miaka kumi na miwili, akianza kukunja uso na kushika goti, Khainza alijua siku imeharibika: maji ya uvuguvugu, dawa ya maumivu, kumsugua mguu, na hayo yote yakishindikana, bodaboda na hospitali. Madinah, wa miaka mitano, hakuwa na subira ya dada yake. Yeye alipiga mayowe mpaka mtaa mzima wa Nalufenya ukajua kwamba mifupa ya mtoto wa Isa imeanza tena. Kilio kilimkata mama maini, lakini angalau kilibisha hodi.

Safari hii hakuna aliyelia.

Jumanne hiyo asubuhi Khainza alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani, anamalizia blauzi ya mteja wa Seema. Seema alikuwa mwanamke wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini Jinja, na walikuwa wakifanya kazi pamoja tangu Madinah hajazaliwa. Shakira alitoka chumbani amevaa sare ya shule, kifungo kimoja kimefungwa, vingine vimeachwa. Akakaa kizingitini kama mtu aliyetembea kutoka mbali.

"Mama, nimechoka."

"Umechoka na jua ndiyo kwanza linatoka?"

"Nimechoka tu."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi."

Neno hilo ndilo lililomfanya Khainza aache cherehani. Alimshika mtoto kidevu akamgeuza kwenye mwanga. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Akachukua kiganja cha mtoto, akakilaza kando ya chake mwenyewe. Cha mama kilikuwa na wekundu wa mtu anayeishi. Cha mtoto kilikuwa kama muhogo uliomenywa. Na shingoni, chini ya sikio, mshipa ulikuwa ukiruka kama kifua cha kuku anayefukuzwa.

Alimlaza mkekani, akambonyeza upande wa kushoto chini ya mbavu, kama alivyofundishwa kliniki. Huko ndiko wengu hukaa, na wengu wa mtoto wa sikoseli huweza kuvimba ghafla ukameza damu ya mwili mzima. Vidole vyake havikukuta kitu. Akamwuliza kuhusu mkojo, haukuwa mweusi. Khainza alitamani angekuta kasoro, yoyote ile, apate kujua anamwogopa nani.

Hospitalini walipokelewa na Dokta Mukama, kijana mrefu mwenye kusema polepole. Malaria haikuonekana. Lakini kiasi cha damu, ambacho kwa Shakira siku zote kilikuwa gramu saba, na saba kwa mtoto wa sikoseli ni riziki, kilikuwa kimeshuka hadi tatu. Mumewe, Isa, alifika kutoka kibanda chake cha vipuri vya baiskeli, mikono bado ina grisi, na hakuthubutu kumgusa mwanawe kwa mikono ile. Bahati ilikuwa upande wao: damu ya kundi la Shakira ilipatikana, na kabla ya adhuhuri mfuko ulikuwa umetundikwa, unadondosha tone baada ya tone.

Dokta Mukama alikuwa ameagiza kipimo kingine. Majibu yalipoletwa, aliyatazama muda mrefu kuliko kawaida.

"Chembe changa hazipo," alisema.

"Chembe changa ni nini, musawo?" Isa alimwuliza daktari.

Daktari alivuta kiti akakaa, na Khainza alijua kwamba daktari akikaa, jambo ni zito.

"Damu haikai vilevile, bwana Isa. Chembe nyekundu zinazaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Zinakua humo, zinatupa viini vyake zipate nafasi ya kubeba hewa, halafu zinatoka kuingia kwenye mishipa zikiwa bado changa. Baada ya siku moja au mbili zimekomaa. Kwa mtu kama mimi chembe moja inafanya kazi miezi minne hivi. Ikizeeka, wengu na ini vinaimeng'enya, na madini yake ya chuma yanarudishwa kwenye uboho kutengeneza nyingine."

"Na kwa wanangu?" Khainza aliuliza.

"Kwa wanao inachakaa haraka. Wiki mbili, tatu, imekwisha. Kwa hiyo uboho wao unafanya kazi mara nyingi kuliko wangu. Chukulia shule ambayo watoto wanamaliza upesi mno. Haifungwi, kwa sababu kila asubuhi darasa la kwanza linajaa. Sasa leo darasa la kwanza ni tupu. Chembe kuukuu zinaendelea kufa, na hakuna inayozaliwa. Uboho umelala."

"Nani kaulaza?"

"Kirusi, nadhani. Kwa watoto wengine ni mafua tu na homa kidogo. Uboho wao unasimama wiki nzima na hata hawajui. Kwa mtoto wa sikoseli wiki nzima ni ndefu mno. Figo zinahisi hewa imepungua, zinapeleka ujumbe mifupani: tengeneza, tengeneza. Uboho hausikii."

"Utaamka?"

"Mara nyingi huamka wenyewe. Kazi yetu ni kumweka hai mpaka uamke."

Isa alishusha pumzi. Khainza naye alikuwa ameanza kushusha yake, ikamkwama katikati. Mafua. Wiki ile ya juzi nusu ya darasa la Shakira kule shuleni Mpumudde walikuwa wakipiga chafya. Shakira akapiga chafya. Na kitanda kilikuwa kimoja, shuka moja, na usiku Madinah hulala na pua yake shingoni mwa dada yake.

"Dokta," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili. "Kirusi hicho kinaambukiza?"

"Sana. Kuna mtoto mwingine nyumbani?"

"Hayupo nyumbani. Nimempeleka Mbale kwa mama yangu, Jumamosi iliyopita. Naye ana sikoseli."

Daktari alisimama. "Mpigie simu. Sasa hivi."

Mama yake Khainza, Gorreti, aliishi upande wa viwandani Mbale, nyumba ya nyuma ya kinu cha kukoboa kahawa. Simu iliita mpaka ikakaribia kukata. Kisha sauti ya mama ikaja kwa Kigisu, changamfu, na nyuma yake mngurumo wa kinu.

"Mwanangu! Nilikuwa nataka kukupigia. Huyu mtoto wako amepona!"

"Amepona vipi, mama?"

"Tangu Jumapili hajalia hata mara moja. Mguu hauumi, mkono hauumi. Anakaa kimya kama mtawa. Na macho, Khainza! Ile manjano yote imeisha. Macho meupe, kama ya mtoto mchanga. Mizizi niliyomchemshia imefanya kazi. Nimemshukuru Bikira Maria."

Khainza alirudia maneno hayo kwa daktari. Aliuona uso wa kijana yule ukibadilika, na akajuta kuutazama.

"Manjano ya macho," Dokta Mukama alisema, "ni mabaki ya chembe zinazokufa. Zinapomeng'enywa, chuma kinarudi kazini, na rangi ya manjano inabaki. Kama manjano imepungua kwa mtoto huyu, si kwamba amepona. Ni kwamba hana tena chembe nyingi za kufa."

Baridi ilimwanzia Khainza miguuni, mchana ule wa jua kali. Akairudisha simu sikioni.

"Mama, yuko wapi sasa?"

"Amelala hapa miguuni pangu."

"Mshike kiganja. Kilaze kando ya chako. Niambie unaona nini."

"Kiganja ni kiganja..."

"Mama, nakuomba."

Kinu kilinguruma. Aliposema tena, mama yake alikuwa na sauti nyingine kabisa.

"Khainza," alisema. "Khainza, huyu mtoto..."

Simu ikakatika. Alipiga tena, haikupatikana. Akapiga tena na tena, ikawa ni yule mwanamke wa mtandao tu anayesema kwa upole kwamba mteja hapatikani.

"Nenda," Isa alisema. "Huyu nitakaa naye mimi. Nenda, Mama Shakira."

"Nitawapigia wenzangu wa Mbale wamsubiri," daktari alisema. "Lakini mtoto lazima afikishwe kwao."

Seema alikuwa amefika na chupa ya chai. Alisikiliza maneno machache, akaiweka chai chini, akatoa funguo za gari. "Kwenda sisi," alisema kwa Kiswahili chake cha dukani. "Nilesh, mume yangu, tabaki duka. Twende, dada."

Walitoka Jinja kwa kasi ambayo Seema hakuwahi kuendesha. Karibu na Magamaga wakakuta foleni: lori la miwa limepinduka, miwa imefunika barabara, na askari wa trafiki anawarudisha watu nyuma kwa fimbo. Tangu utotoni Khainza alisikia kwa baba yake habari za Kiswahili cha watu wenye magwanda, kile cha enzi za jeshi, na mpaka leo mwenye sare alimfanya ainamishe macho. Alishuka, akamwendea.

"Afande," alisema. "Mtoto wangu iko Mbale, damu imeisha kwa mwili. Mimi naomba njia tu."

"Kila mtu iko na mtoto! Rudi kwa gari!"

Hakurudi. Alisimama pale mbele ya askari, machozi yanamtoka bila sauti, mpaka yule mtu akatazama pembeni, akaonyesha kwa fimbo kijia cha matrekta katikati ya miwa. "Pita hapo. Pole pole, kuna shimo."

Miwa ilipiga vioo pande zote mbili. Khainza alianza kusoma Ayatul Kursi, aliyojifunza alipoolewa na Isa, na katikati akajikuta amehamia Salamu Maria ya utotoni, kwa Kigisu, na hakujua alivuka wapi. Hakujali. Mawazo yake yalikuwa ndani ya mifupa ya mtoto mdogo, myembamba kama vijiti vya mshikaki, ambamo kitu kimenyamaza. Figo zinaita. Hakuna anayeitika. Na yeye alikuwa amemfungia mtoto yule mfuko wa nguo kwa mkono wake mwenyewe, akasema, nenda kwa bibi ukale matoke.

Kabla ya Tirinyi mvua iliwapiga, wakavuka kinamasi cha Mpologoma bila kuona mpunga wala maji. Simu ya mama bado haikupatikana. Seema hakumwambia usijali. Alishika usukani kwa mikono miwili, midomo inacheza, naye akiomba kwake.

Walipoingia Mbale, mlima Wanale ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka kiunoni. Wakafika kwenye kinu cha kahawa, wakaingia uchochoro wa nyuma. Mlango wa Gorreti ulikuwa na kufuli.

Khainza aliigonga kufuli ile kwa kiganja kana kwamba ingejibu. "Mama! Madinah!"

Jirani alichungulia, mwanamke aliyeitwa Daphine, mwiko wa sima mkononi. "Mama Gorreti ametoka mchana. Amembeba mtoto mgongoni, anakimbia."

"Anakimbia?" Mama yake mwenye goti bovu, asiyeweza kufika sokoni bila kupumzika mara mbili. "Amekwenda wapi?"

"Sijui. Nilimwita, hakugeuka. Mtoto..." Daphine alisita. "Shingo ya mtoto ilikuwa inalegea hivi."

Khainza alishika ukuta. Angeweza kuwa amekwenda kwa mganga aliyempa ile mizizi, chini ya mlima. Angeweza kuwa amekwenda kanisani, amlaze mtoto mbele ya sanamu na kusubiri. Au hospitali. Wakikosea njia moja, saa nzima imepotea, na mtoto hakuwa na saa ya kupoteza.

"Chagua wewe, mimi taendesha," Seema alisema.

"Hospitali," alisema Khainza, bila kujua kwa nini, na njia nzima alijilaani kwamba amechagua vibaya.

Kwenye wodi ya watoto kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mguu wa mama yake. Mmoja una kiatu, mwingine hauna, una matope hadi kwenye kifundo. Gorreti alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, na juu ya kitanda alikuwa Madinah, kifua kinapanda na kushuka upesi upesi, mdomo wazi, bomba la hewa puani. Macho yalikuwa nusu wazi. Yalikuwa meupe kweli, meupe ya kutisha.

"Changu kilikuwa na rangi," Gorreti alisema. "Kiganja changu. Chake hakikuwa na rangi, Khainza. Simu ilianguka ndani ya maji, sikuiokota. Nilikimbia." Akashika ukingo wa kanga ya binti yake kama mtoto. "Siku tatu nzima nimefurahi."

Khainza alimkumbatia.

Damu ya Madinah ilikuwa mbili. Dokta Isabirye, mtu wa makamo mwenye miwani, alikuwa amepata simu kutoka Jinja na hakuhitaji kuelezwa. Damu ililetwa, ikalinganishwa na ya mtoto, ikatundikwa. Khainza alitaka imiminwe yote mara moja, kama mtu anavyotaka kummwagia maji mwenye kiu.

"Taratibu," daktari alisema. "Moyo wake umekimbia siku nyingi. Tukiujaza ghafla utashindwa kusukuma."

Hata taratibu ilikuwa nyingi mno. Usiku haujaingia, mfuko haujafika nusu, Madinah alianza kukohoa. Kikohozi chepesi, halafu kizito, chenye maji ndani. Pua zikatanuka, mbavu zikaingia ndani. Macho yakamtafuta mama yakampata, na ndani ya macho yale Khainza aliona kwamba mtoto wa miaka mitano anaweza kujua kuwa anakufa.

"Dokta! Dokta!"

Isabirye alikuja anakimbia. Akafunga bomba la damu, wakamkalisha mtoto wima, sindano ya dawa ya kukojoa, ya kutoa maji mapafuni, ikaingia mshipani. Khainza alisukumwa kando na mikono ya wauguzi. Aliona migongo tu, na katikati ya migongo, unyayo mmoja mdogo uliopauka usiokuwa ukitikisika. Alisikia mama yake akiomba. Hakuweza kuomba. Alihesabu pumzi za mtoto, na kila moja ilipotoka aliona kama haitafuatwa na nyingine.

Ilifuatwa. Ikafuatwa tena. Shuka likalowa mkojo, na muuguzi aliyeuona akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti kubwa, kana kwamba ameona dhahabu. Kikohozi kikalegea. Baadaye sana damu ikafunguliwa upya, polepole kuliko mara ya kwanza, na safari hii mwili uliipokea.

Lakini damu ile ilikuwa ya mtu mwingine. Hilo ndilo lililomnyima Khainza usingizi siku zilizofuata, wakati wengine walikuwa wameanza kusema mtoto amechangamka. Nayo ingezeeka, ingemeng'enywa, na kama uboho hautaamka, wangebaki kumwongezea ya kuazima hadi lini? Kila asubuhi kijana wa maabara alikuja na sindano. Kila mchana jibu lilikuwa lile lile: chembe changa hakuna.

Alhamisi Isa alipiga simu kutoka Jinja, analia na kucheka kwa pamoja. Uboho wa Shakira umeamka. Chembe changa zimejaa kwenye darubini mpaka mtu wa maabara kaita wenzake waje kuona. Khainza alimshukuru Mungu, kisha akageuka ukutani. Mmoja ameamka. Kwa nini huyu hajaamka? Walishiriki shuka moja, kirusi kimoja. Labda huyu mdogo mifupa yake ilichoka kwa kulia. Labda wengine huwa hawaamki. Alitaka kumwuliza daktari, akaogopa kwamba angejibu.

Ijumaa kijana wa maabara alipokuja, Madinah alikuwa amelala. Sindano ilipomgusa alifungua macho, akavuta mguu, akampiga teke la tumboni.

"Toka!" alipiga mayowe. "Toka wewe! Mbaya! Mama, mfukuze! Mfukuzeee!"

Wodi nzima iligeuka. Kijana alishika tumbo. Khainza alipaswa kuomba radhi. Badala yake alicheka, na kicheko kilimtoka vibaya, kama kwikwi, mpaka Gorreti akamshika mabega.

Mchana Dokta Isabirye alikuja mwenyewe. "Zimeanza kutoka," alisema. "Si nyingi. Kesho zitakuwa nyingi."

Khainza alikaa ukingoni mwa kitanda. Akauliza swali alilokuwa amelificha. "Kitarudi? Kirusi hiki?"

"Hiki hapana. Mwili ukishakijua hukikumbuka. Mabinti zako hawatakiona tena."

"Na mengine?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Mama, mengine yapo. Mimi nitakudanganya nini? Umejifunza kushika wengu, sasa umejifunza kuangalia viganja. Mtoto wa sikoseli akinyamaza bila sababu, mlete. Usisubiri alie."

Jumapili Seema alirudi Mbale na gari lake, akiwa amewaleta Isa na Shakira. Mabinti wakawekwa kitanda kimoja, na haikuchukua muda wakaanza kugombana nani alichomwa sindano nyingi zaidi. Shakira alionyesha mkono, Madinah akaonyesha mkono na mguu, akasema mguu unahesabiwa mara mbili. Gorreti alikuwa chini anamenya ndizi, viatu viwili vipya miguuni, alivyonunuliwa na Isa. Mchana ulikuwa wa joto, na watoto wakasinzia kati ya maneno.

Kelele zilipokatika, Khainza aliinuka. Akaenda kitandani, akamfunua Madinah kiganja kilichokunjwa, akakitazama, kisha cha Shakira, kisha akarudia cha Madinah.

"Wamelala tu," Isa alisema taratibu. "Na wewe lala kidogo. Nitawaangalia."

"Lala wewe kwanza," alisema, akavuta kiti karibu, akakaa, mkono wake juu ya kifua cha mdogo.